Musitazame chini

Wandugu vijana,

Jumapili usiku tulikuwa watu saba mbele ya kompyuta moja hapa Kalima, jenereta ya jirani ikiunguruma nje. Mwenzetu mmoja alitoka Kindu na filme ndani ya flashi: Don't Look Up ya Adam McKay, ya mwaka 2021. Tulicheka mpaka mama mwenye lupango akaja kuuliza kama tuko na akili.

Kwa yule hajaiona: jiwe kubwa la angani linakuja kuvunja dunia. Prezidenti wa Marekani anatuma roketi zilipige, zinaruka kweli, kisha katikati ya njia zinarudishwa. Juu ya nini? Juu tajiri mmoja wa simu, Peter Isherwell, mwenye kumpa prezidenti pesa za kampeni, amejua kama lile jiwe limejaa madini. Sasa si hatari tena, ni soko. Raia wanaambiwa kazi zinakuja, musitazame juu.

Hapo njo kicheko changu kilikatika. Lile jiwe, wandugu, sisi tunalikalia.

Walikuja Wabelgiji na Symétain yao. Toka 1976 ikawa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya stani, ile Wafaransa wanaita étain, ikaanguka huko London, na huku familia zikabaki mikono mitupu. 1997 SOMINKI ikafa, SAKIMA ikazaliwa. Jina linabadilishwa, mlima unabaki na mashimo yake. Na stani njo inalehemu vile vipande vidogo ndani ya simu unayosomea maneno haya. Mimi niko na diplome ya univerzite, kazi sina, na kuchaji simu ninalipa kwa mwenye jenereta. Isherwell angecheka.

Sisemi filme ni mbaya. Ile sauti yake laini, ya mtu anayekuuzia kifo sawa vile dawa, tunaijua. Lakini hizi filme za kuchekesha zinatupa uso mmoja wa kuchukia, na tukimaliza kucheka tunajisikia kama vile tumepigana. Na kicheko chenyewe nani alituuzia? Netflix, kampuni yenye hisa zake sokoni New York. Ulafi unauza hata matusi yake.

Angalieni Trading Places ya 1983, wazee wetu waliipenda sana juu ya Eddie Murphy. Ndugu wawili matajiri wanacheza na maisha ya watu kwa mchezo wa kubeti dola moja. Mwisho wanafilisika, na sisi tunapiga makofi. Lakini Eddie Murphy na mwenzake wamefanya nini? Wamekula kwenye soko lile lile, kwa ujanja ule ule, sasa wako pwani na vinywaji. Mchezo haukuguswa. Wangapi kati yetu ndoto yao ni hiyo, kuwa patroni mpya?

Kwetu mlafi hana uso wa sinema. Iko na karatasi. Kode ya madini ya 2018 inasema redevansi ya kampuni inagawanywa: 50% Leta ya Kinshasa, 25% provensi, 10% mfuko wa vizazi vitakavyokuja, na 15% inarudi kwa sekta, shefferi ao komini pale madini yanachimbwa. Tena inadai kampuni iweke angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale. Nani kati yenu ameshaona hesabu hiyo imebandikwa ukutani? Mimi hapana. Ukiuliza unaambiwa kijana, tuliza moyo, wakubwa wanashughulika. Ni kusema: musitazame chini.

Basi sisi tunatazama. Tunaandika barua ya kuomba hesabu za 15% na za 0.3%, mwaka kwa mwaka toka 2018, na tunaipeleka kwa mikono, wote pamoja, mchana, bila fujo. Wale saba wa Jumapili tayari wametia sahihi. Njoo na kalamu na kopi ya karte ya elekta. Filme tutaweka ingine tukirudi.