Bustani ya Mimea ituletee miche Temeke

Kazi yangu ni kuuza miche kando ya Barabara ya Kilwa, upande wa Mbagala. Kila shughuli inaponipeleka Posta, katikati ya Dar es Salaam, sirudi kabla sijapita Bustani ya Mimea, pale jirani na Makumbusho ya Taifa. Naitazama kwa macho ya mtu wa kitalu: udongo kwanza, shina, halafu majani. Mnazi wa Shelisheli ndio unaonisimamisha zaidi. Mbegu yake ni kubwa kuliko zote duniani. Tunda lake hukaa juu miaka sita au saba ndipo likomae, na mbegu ikishafukiwa inaweza kumaliza hadi miaka miwili kabla ya kuchipua. Huwezi kuutunza mti wa namna hiyo kwa bajeti ya mwaka mmoja.

Bustani hiyo ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, chini ya Franz Stuhlmann, ili kujaribu mazao ya biashara. Walitafuta faida ya koloni lao, hilo halina ubishi. Ila utaratibu wenyewe ulikuwa na akili: mimea inaletwa, inaoteshwa, inachunguzwa, inayofaa inapelekwa shambani. Ninachodai ni kwamba ukarabati wowote wa bustani hii uirudishie kazi ya kuotesha, safari hii kwa ajili ya watu wa Tandika, Buza, Tandale na Mwananyamala.

Tukizungumzia kufufua bustani za zamani, mara nyingi tunaishia kwenye uzio, taa na vigae vya njia. Sina ugomvi na taa. Forodhani ya Unguja ilipofunguliwa upya mwaka 2009, baada ya ukarabati wa Aga Khan, ilipata taa, viti na mifereji, na wauza chakula wa usiku wakapangiwa mahali pao. Kazi nzuri. Lakini kigae kikishalala kimelala, ilhali mche unataka mtu kila siku, na mtu huyo anataka mshahara. Mtunza bustani aliyekaa muda mrefu anajua mti gani huangusha mbegu kabla ya masika na upi unataka kivuli ukiwa mchanga. Ukimwajiri kibarua wa wiki mbili kwa sababu kuna mgeni rasmi anakuja, ujuzi huo huupati.

Mwaka fulani walikuja watu kununua miarobaini kwangu kwa ajili ya sherehe ya kupanda miti. Walipiga picha, wakaondoka. Kiangazi kilipoingia nilipita pale nikakuta mingi imekauka. Niling'oa mmoja. Kiriba kilikuwa bado kimeuvaa mche! Mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya nailoni ikakazana kama kamba ya kisima, haikugusa udongo hata kidogo. Hakuna aliyechana kiriba, hakuna aliyerudi na ndoo. Niliumia, maana miche ile niliilea mwenyewe tangu mbegu.

Ndiyo maana agizo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka linanipa wasiwasi. Sipingi wingi, nataka tuhesabu iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Mche ukivuka hapo, mara nyingi unajitegemea.

Temeke tuna Mwembe Yanga, Kinondoni wana Biafra. Hivi navyo ni viwanja vya kihistoria. Mwembe Yanga ndipo Dk. Willibrod Slaa aliposoma orodha yake ya watuhumiwa wa ufisadi Septemba 2007, na nchi nzima ikasikia. Uwanja wenye kumbukumbu kama hiyo unastahili miti pembezoni, mikungu na mikwaju, ili bibi aliyekuja mkutanoni apate pa kukaa bila kujifunika khanga kichwani, na katikati pabaki wazi kwa mpira na mikutano.

Fedha si kitendawili. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya vitalu vikopeshwe humo, vichukue mbegu kutoka miti mama ya Bustani ya Mimea, vioteshee huku kwetu, na manispaa iwe mnunuzi wa kwanza. Tangu Halmashauri ya Jiji ivunjwe mwaka 2021 na Ilala, iliko bustani hiyo, kufanywa jiji, Temeke na Kinondoni ziko kivyake. Basi wakurugenzi waandikiane barua, mbegu zivuke mpaka.

Tuanze na Mwembe Yanga kwenye vuli hii. Mashimo yachimbwe mapema, samadi iwekwe, kila kiriba kichanwe mbele ya bwana miti wa manispaa. Na kabla mche wa kwanza haujashuka shimoni, mkataba usainiwe ukitaja kwa jina nani anamwagilia mwezi Agosti, na analipwa kiasi gani.