Kabla hamjalipia programu ya kikundi, mpeni katibu aijaribu

Ndugu katibu wa AMCOS, ndugu mwenyekiti wa kikundi, leo siandiki juu ya mbolea wala viwavijeshi. Naandika juu ya ile kompyuta mliyoifungia kabatini.

Hapa Nyakunguru hali hii nimeikuta zaidi ya mara moja. Kikundi kimenunua kompyuta, mtaalamu ameweka programu, amepiga picha na viongozi, ameondoka. Wiki mbili baadaye katibu amerudi kwenye daftari, nanyi mnasema hajasoma vya kutosha. Mimi nasema mlaumuni aliyetengeneza programu. Siku ya kupokea kahawa katibu ana kazi tatu: kuandika jina, kuandika kilo, kutoa risiti. Akifungua programu anakutana na kodi, mishahara, bohari na matawi ambayo hamna. Foleni imefika barabarani na mvua inakuja. Wewe ungefanya nini? Ungechukua daftari.

Wapo wanaosema basi apewe kitu chepesi kabisa, cha jina na kilo tu. Hao nawapinga vilevile. Kikundi kimoja kilipewa programu ya namna hiyo na wote wakafurahi. Msimu ulipoisha wanachama wakauliza makato ya pembejeo. Programu haikuwa na sehemu ya makato. Haikuruhusu kurekebisha kosa, wala kutoa orodha iende kwenye programu nyingine. Katibu alinakili majina kwa mkono mpaka usiku, wakulima wakisubiri fedha zao. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Wala usiniambie Excel inatosha. Ina mistari zaidi ya milioni moja, lakini andika namba ya simu inayoanza na sifuri bila kuiambia kwanza kwamba safu hiyo ni ya maandishi: sifuri inaliwa. Panga majina kwa alfabeti na kuziacha safu nyingine pale pale, kilo za Mwita zitasomeka za Chacha. Kompyuta inaweza kukuonya, lakini onyo la Kiingereza mbele ya mtu mwenye haraka halimsaidii.

Urahisi haupatikani kwa kukata uwezo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice kwa Kiswahili. Uwezo wa programu ulibaki ule ule. Kilichobadilika ni maneno ambayo mtumiaji anayasoma, na hilo peke yake ni hatua kubwa kwa katibu wetu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kazi ya kila siku iwe mbele, kwa Kiswahili, na yale mazito yawe nyuma ya mlango ambao mhasibu anaweza kuufungua siku akiyahitaji. Anayewauzia programu akikataa, msikubali.

Kabla ya kulipa, fanyeni jaribio hili:

1. Katibu mwenyewe aandike mizigo ya wakulima watano na kutoa risiti, mtaalamu akiwa amekaa nje.
2. Aandike kilo 50 badala ya 5, kisha arekebishe. Programu ionyeshe nani amebadilisha na lini.
3. Mhasibu aingize makato ya pembejeo, kisha atoe orodha yote katika faili linalofunguka kwenye Excel au LibreOffice.

Ikishindwa la kwanza, ni ngumu mno kwenu. Ikishindwa la pili au la tatu, ni nyepesi mno. Vyovyote vile, msilipe. Fedha mnazotaka kutoa ni za wanachama, na siku ya mkutano mkuu watakaosimama kujibu ni ninyi, mtaalamu akiwa mjini.