Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza afundishwe kuuliza

Mtoto anayemaliza darasa la saba Nyarugusu au Kishapu ni hodari wa maswali. Humuuliza mwalimu kwa Kiswahili na bibi yake kwa Kisukuma, bila kusita. Januari anaingia Kidato cha Kwanza, karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, na ghafla anakaa kimya. Mwalimu akisema "Any question?", darasa zima linatazama madawati.

Ukimya huo una sababu nyingi, lakini ipo moja ambayo shule zinaweza kuiondoa ndani ya majuma machache: wanafunzi wetu hawafundishwi vya kutosha namna ya kuunda swali la Kiingereza, hasa pale umoja na wingi vinapoingia.

Kwa Kiswahili, swali halivurugi mpangilio wa sentensi. Mtoto anataka nini? Watoto wanataka nini? Idadi inakaa kwenye kitenzi, baada ya jina. Kiingereza kinadai uamuzi mapema: What does the child want, lakini What do the children want. Mwanafunzi analazimika kuamua kama ni mmoja au ni wengi kabla hajamtaja anayemuulizia. Kisha ipo ile herufi s. Kwenye jina inaonyesha wingi, kwenye kitenzi inaonyesha umoja, na ikishaingia kwenye does, kitenzi kikuu hakiihitaji tena. Ndiyo maana "What does he wants?" husikika kila shule. Anayesema hivyo ameshaielewa nusu ya kanuni.

Ugumu mwingine unatoka kwenye Kiswahili chenyewe. Sisi tunasema maji yako wapi, vifaa viko wapi, taarifa ziko wapi. Mwanafunzi anahamisha upatanisho huo kama ulivyo na kuuliza "Where are the equipments?" Kwa Kiingereza, maji, vifaa na taarifa hupewa umoja. Mfano mzuri uko hapa hapa kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya Geita: dhahabu huulizwa kwa How much gold is there, lakini ikishapimwa, gramu zake huulizwa kwa How many grams are there, na viroba vya mawe vivyo hivyo. Mtoto aliyewahi kusimama pembeni wakati mawe yanagawanywa ataishika kanuni hiyo kwa siku moja, endapo mwalimu atamfundisha kwa mfano huo badala ya ule wa maziwa na mayai uliomo kwenye vitabu vingi.

Neno who nalo lina tabia yake. Kiswahili kinatenganisha nani na akina nani. Kiingereza huuliza Who is underground? hata kama waliomo chini ni zamu nzima ya mgodi wa Bulyanhulu. Na you, hata akiwa mtu mmoja, huchukua do na are, kwa kuwa Kiingereza cha kila siku kiliacha thou, neno lake la umoja, karne kadhaa zilizopita.

Haya yote yanafundishika. Mtoto wa Kisukuma anayesema mti ule, visu vile, watu wale bila kukosea amebeba kichwani mfumo wa ngeli ambao ungemtoa jasho Mwingereza mtu mzima. Anachohitaji ni kuambiwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba ule upatanisho anaoujua unasogea mbele ya sentensi. Hapa tunatofautiana na shule zinazopiga marufuku Kiswahili darasani. Kumweleza mtoto kanuni ya Kiingereza kwa Kiingereza ambacho bado hana ni kupoteza kipindi. Dakika kumi za maelezo ya Kiswahili, kisha nusu saa ya kuulizana kwa Kiingereza wawili wawili, zitafanya kazi kubwa zaidi.

Kicheko nacho kikome. Mwanafunzi akiuliza kwenye kipindi cha Kemia, "Why does miners use mercury?", ameuliza jambo zito. Zebaki anaiona mialoni, mahali pa kuchenjulia dhahabu, pengine mikononi mwa kaka yake. Mwalimu ajibu kwanza kuhusu zebaki na madhara yake, ndipo amrekebishe ile does, kwa sauti ya kawaida. Anayechekwa kwa herufi moja hatanyoosha mkono tena muhula huo.

Mjadala wa lugha ya kufundishia ni wa miaka mingi. Tume ya Makweta, iliyochunguza mfumo wa elimu, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, na Serikali ikabaki na Kiingereza. Mjadala uendelee. Aliyeko darasani leo hawezi kuusubiri uishe.

Tunashauri kwamba kozi ya Kiingereza inayotolewa majuma ya kwanza ya Kidato cha Kwanza itumie sehemu kubwa ya muda wake kwa maswali: mwanafunzi aulize njia, bei, idadi, sababu, na amuulize mwalimu mwenyewe. Fedha za kuwaandaa walimu zinaweza kupatikana jirani. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji aandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Fedha za aina hiyo zimejenga madarasa na kununua madawati. Halmashauri za Geita, Msalala na Kahama, zinapokaa mezani na kampuni kwa ajili ya mpango ujao, ziweke fungu la mafunzo ya walimu wa Kiingereza wa Kidato cha Kwanza, na fungu la vitabu vya hadithi vya kutosha kila mwanafunzi kwenda navyo nyumbani.