Nyota zinapochafua kitanda zilikozaliwa

Wasikilizaji wetu wa Musoma, Bunda na Butiama, kati ya Desemba na Machi, usiku usio na mbalamwezi, mnaweza kuona nyota tatu zilizojipanga mstari. Huo ni mkanda wa kundi la Jabari, au Orion. Upande wa kusini wa mkanda pana doa hafifu mithili ya moshi. Hapo nyota zinazaliwa hata sasa. Ni mbali: mwanga wake husafiri miaka karibu 1,350 hadi kutufikia.

Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi baridi na vumbi. Gesi hujivuta kwa uzito wake, hujikusanya, mwisho huwaka. Lakini nyota kubwa ikishawaka huanza kulisumbua wingu lililoizaa, kwa mwanga mkali na upepo wa kasi. Je, gesi yote hufukuzwa na uzazi kukoma?

Mwaka 2019, watafiti waliotumia darubini ya SOFIA, iliyobebwa na ndege, walieleza kwamba upepo wa nyota moja kubwa ya Orion umepuliza gesi ikawa kama puto, linalotanuka kilomita 13 kila sekunde. Gesi iliyofagiliwa hivyo haiwezi kuzaa nyota mahali pale.

Mwaka 2022 ulikuja ushahidi wa upande wa pili. Darubini za ALMA nchini Chile zilichunguza Tarantula, eneo lenye nyota kubwa nyingi katika galaksi jirani. Licha ya vurugu zote, nyuzi za gesi nzito zilikutwa bado zipo, na nyota zinaendelea kuzaliwa.

Tunavyoona sisi, matokeo haya mawili hayapingani. Ukipepeta mtama, upepo huchukua makapi, punje nzito hubaki. Vivyo hivyo gesi nyepesi hupeperushwa, gesi nzito hustahimili. Mahali pengine husukumwa, ikashikana zaidi, ikazaa nyota nyingine.

Jambo hili linatuhusu. Upepo na mwanga wa nyota ni sehemu ya breki inayofanya galaksi yetu izae nyota chache tu kila mwaka. Bila breki, gesi ingetumika haraka mno. Jua letu lilizaliwa miaka bilioni 4.6 iliyopita, galaksi ikiwa tayari na umri wa mabilioni ya miaka. Lilikuta gesi bado ipo. Kama akiba hiyo ingekwisha mapema, pengine kusingekuwa na Jua wala shamba la kulima.

Usiku huohuo, tazameni pia Kilimia, kundi ambalo wakulima wamelitumia kujua msimu. Nyota zake zina umri wa miaka kama milioni 100, na gesi iliyozizaa imeshaondoka. Orion bado inazaa, Kilimia kimeshamaliza. Zote mbili mnaziona bila darubini.