Ndara za Mchimbaji Mlangoni

Yako mambo ambayo mtu mwenye murua akiyaona hunyamaza, akitaraji kuwa siku zitayarekebisha. Walakin liko moja hapa Kolwezi, na hasa katika komini yetu ya Manika, ambalo kila likinyamaziwa huzidi kuota mizizi, nalo ni hili la nyumba za dansi na nganda, yaani baa, za taa nyingi kuweka mlangoni kijana wa miraba minne, kavaa miwani myeusi usiku wa manane, kazi yake kuwatazama waja wa Mungu kuanzia viatu mpaka nywele, kisha aamue nani apite na nani arudi alikotoka. Mlevi hamzuii, maadamu koti lake ni la thamani; mgomvi hamsaili, akiwa amelitambua gari lake; lakini mchimbaji wa mikono aliyekuja kwa ndara zake, na vumbi jekundu likionekana kidogo katika pindo la suruali, huyo huashiriwa kwa mkono tu, hata neno hapewi, kwamba hapa si mahali pake.

Sina haja ya kuthibitisha kwamba sote tumeumbwa kwa mavumbi na kwamba Mola hatazami mavazi. Hayo tulifundishwa utotoni, Mkatoliki kwa katekisimu yake, Mmethodisti kwa Biblia yake na Mwislamu kwa msahafu wake. Nitakalo kuuliza ni hili: ikiwa upo mji mmoja duniani ambao mavumbi yake yanastahili kuamkiwa kwa taadhima, utakuwa mji gani kama si Kolwezi? Zaidi ya nusu ya kobalti inayotumika ulimwenguni hutoka Kongo, na sehemu kubwa hutoka mkoa wetu wa Lualaba. Na ilipoonekana mwaka 2014 chini ya nyumba za mtaa wetu wa Kasulo, watu walichimba uani, wakachimba hata sebuleni walikokuwa wakilala. Basi huyo mwenye nganda, zile spika zake zinazotikisa mabati ya majirani, na yale majokofu aliyoyajaza bia ya Simba, alivinunua kwa fedha iliyotoka wapi? Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Mtazameni mchimbaji huyo kwa karibu kabla ya kumfukuza. Ameoga; shati lake limefuliwa, huenda likawa limepigwa pasi kwa makaa; lakini ile kobalti ni udongo mweusi, na weusi wake hukaa chini ya kucha hata sabuni ikasalimu amri, na viganjani mna sugu za kamba anayoshukia shimoni. Hizo ndizo alama anazorudishiwa. Na aghalabu ukimwuliza ni mwana wa nani, atakutajia fundi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mtu aliyekuwa na nyumba katika kambi ya kampuni na watoto wake wakisomeshwa na kampuni, hata ilipofika 2003 akawa miongoni mwa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondolewa kazini kwa kile kilichoitwa hiari yao. Baba alitolewa kwa mlango wa kiwanda. Mwana anazuiliwa kwa mlango wa baa.

Wazee wetu waliionja shubiri hii. Zama za Wabelgiji miji ilikatwa vipande viwili, cha Wazungu huku na cha Waafrika kule, na giza likiingia Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kutembea upande wa pili bila ya cheti. Kisha mwaka 1952 ikatungwa ile hati ya kuwapambanua waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, ambayo mwenye kuiomba alikaguliwa nyumba yake, toka sebule hata jiko, na Patrice Lumumba mwenyewe alinyimwa kwanza, asiipate mpaka 1954. Ukaja utawala wa Mobutu, nao ukapiga marufuku suti na tai mwaka 1972, wanaume wavae abakosti na wanawake waache suruali, wala tai haikurudi shingoni mpaka 1990. Tumekwisha kukaguliwa kwa kukosa mavazi ya Kizungu, tukakaguliwa tena kwa kuwa nayo; ilitazamiwa tuwe tumechoka kukaguliwa.

Sisemi kuwa kupendeza ni haramu. Sisi Wakongo tunajulikana dunia nzima kwa sape, yaani umaridadi wa mavazi, na marehemu mwanamuziki Papa Wemba aliwafundisha kuvaa hata watu wa Paris. Hiyo ni fakhari yetu na wala siionei haya. Lakini jambo la furaha likigeuzwa kodi ya mlangoni, vijana huazima viatu na kukopa mashati ili waonekane watu kwa usiku mmoja, na nguo ya kuazima haisitiri matako.

Wenye nyumba hizi watajibu kuwa wachimbaji hupigana, na kwamba kila mtu ana haki ya kulinda hadhi ya nyumba yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwenye kisu azuiwe, aliyekwisha kulewa pombe ya lutuku arudishwe kwao, na anayempiga mhudumu akabidhiwe polisi, awe na ndara au awe na viatu vya ngozi ya mamba. Hayo ni matendo. Lakini mlango huu wa macho hauangalii matendo, na ushahidi ni wale wasichana wa miaka kumi na mitano wanaopishwa kwa tabasamu kwa sababu sura zao zinavuta wanunuzi. Mchagua nazi hupata koroma, na hapa koroma ni mwana wa mtu!

Machi 2015 ilipofichuliwa kuwa mkahawa mmoja wa Kichina jijini Nairobi ulikuwa ukiwazuia Waafrika baada ya saa kumi na moja jioni, Wakenya walighadhibika, na mkahawa ukafungwa. Lau lingetokea hapa tungeghadhibika vilevile, na ingekuwa haki yetu. Ajabu ni kuwa Mwafrika akimfungia mwenziwe, twasema analinda hadhi.

Na kwa kuwa nimekwisha kuanza, sitayaacha makanisa. Wale tunaowaita protokole, wenye mashati meupe na mikono nyuma, nao wamejifunza hila hii: mwenye bahasha nene huongozwa mpaka kiti cha mbele chenye kitambaa, na mama aliyetoka kuosha mawe ya madini mtoni huonyeshwa benchi la karibu na mlango. Waraka wa Yakobo ulilikemea jambo hilihili, la mwenye pete ya dhahabu na maskini mwenye nguo chafu. Nao husomwa katika makanisa hayohayo, na protokole wakiwa wamesimama wima wakisikiliza.

Enyi wenye nganda, ninyi mnaojua kuwakaribisha wageni kuliko watu wa mji mwingine wowote wa Katanga ya zamani, wekeni mlangoni ndoo ya maji, sabuni na kitambaa cha kufutia miguu. Andikeni masharti ubaoni, kwa Kiswahili na si Kifaransa peke yake, sharti la kwanza likiwa la umri, nayo yawe ya kila aingiaye, mwenye gari na mwenye ndara.