Surua si Mwalimu
Mwandishi aliyedai gazetini kwamba mtoto aachwe augue surua ili apate kinga ya asili, aje Bukundi, Simiyu, awaulize wafugaji. Sotoka, iliyofyeka ng'ombe Afrika nzima, haikuisha kwa kuachwa. Chanjo ndiyo iliyoitokomeza, ikatangazwa hivyo mwaka 2011.

Kweli, anayepona surua hupata kinga. Lakini kwa ada gani? Nimonia, upofu, hata kaburi. Tena kirusi chake hufuta kumbukumbu ya mwili dhidi ya maradhi mengine. Chanjo huuonyesha mwili kirusi kilichodhoofishwa, nao hutengeneza kingamwili na kumkariri adui. Kinga ambayo mtoto alirithishwa na mama hufifia, ndiyo maana kliniki humchanja akiwa na miezi 9, kisha 18. Kujua kuogelea hakuhitaji kuzama kwanza.