Kabla ya kidato cha kwanza
Fomu za kujiunga na kidato cha kwanza huja na orodha ndefu: sare, ndoo, jembe, fagio, rimu ya karatasi. Kitabu cha hadithi hakimo. Basi mzazi wa Kahama, Geita au Shinyanga mjini akiongeze mwenyewe, na kwa binti wa huku kwetu mimi ningeanza na Takadini ya Ben Hanson. Sekai, baada ya miaka mingi ya kukosa mtoto, anajifungua mwana mwenye ualbino. Mila inataka mtoto auawe, naye anambeba na kutoroka. Kanda ya Ziwa imezika watu wenye ualbino waliouawa kwa imani za kishirikina, hasa kuanzia 2007, na pale Buhangija, Shinyanga, watoto wenye ualbino walihifadhiwa shuleni kwa ajili ya usalama wao. Binti amekua akisikia haya kwa minong'ono. Riwaya itamwonyesha mama aliyekataa. Rosa Mistika ya Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, naipenda sana, lakini inaumiza. Isubiri miaka miwili mitatu. Lakini Takadini isingoje. Mnunulie likizo hii ya Desemba, na wewe mzazi uisome pia.